Tunajua Kukimbiza Miraa, Isotopu Ndio Itushinde?

Kuna aina ya posti imejaa kwa simu yangu siku hizi. Mashine nyeupe inang'aa, muziki wa kusisimua, halafu maandishi makubwa: SASA MOYO UNAPIGWA PICHA KWA DAKIKA MBILI. Chini komenti ni za "sayansi imefika mbali" na emoji za moto. Lazima Mkenya mmoja aandike "sisi tutaipata 2080". Watu wanacheka, wanapita, wanaenda kwa klipu ya paka.

Mimi nataka tubaki hapo kwa hiyo mashine kidogo. Si ati klipu inadanganya. Mashine iko, inafanya kazi, na imekuwa ikifanya kazi kwa zaidi ya miaka 15 huko nje. Shida yangu ni vile tunahesabu. Tunahesabu dakika za mgonjwa akiwa mezani, na hakuna mtu anahesabu miezi ya kufika kwa hiyo meza. Halafu tunaita hiyo kasi.

Wacha nieleze kwanza inafanya nini, juu nikianza kupigana bila kueleza mtasema napiga kelele tu.

Umeishi ploti Nairobi? Basi unajua kwamba bomba na maji ni vitu viwili tofauti. Landilodi anaweza kukuonyesha bomba jipya, limepakwa rangi, linapita ukutani hadi kwa jikoni yako. Unafungua mfereji, inatoka hewa. Bomba liko, maji hayako. Na jirani wa chini anajaza mtungi vizuri tu.

Moyo uko hivyo hivyo. Ni msuli, na msuli unataka damu yake kama kiungo kingine chochote. Damu hiyo inaletwa na mishipa midogo inayozunguka moyo kwa nje. CT ya moyo na ile picha ya kuingiza mrija kutoka mkononi au kwa paja zinakuonyesha mabomba: limeziba wapi, limebaki kiasi gani. Picha ya nyuklia inauliza swali lingine kabisa. Maji yamefika jikoni?

Inafanywa hivi. Unadungwa dawa kidogo yenye mionzi, mara nyingi imetengenezwa na teknitiamu-99m. Dawa inasafiri na damu na inaingia kwa msuli wa moyo. Sehemu imepata damu nyingi, inameza dawa nyingi. Sehemu imenyimwa damu, inameza kidogo. Halafu kamera inakaa karibu na kifua na kuhesabu miale ya gama inayotoka. Haikupigi na kitu, wewe ndio unang'aa na yenyewe inaangalia tu. Unafanyiwa mara mbili: moyo ukiwa umesukumwa, yaani umekimbia kwa ile mashine ya kukimbilia au umepewa dawa ya kufungua mishipa, na tena moyo ukiwa umetulia. Sehemu ikiwa giza wakati wa kukimbia halafu iwe sawa wakati wa kutulia, hapo kuna msuli mzima unaolia njaa kila ukipanda ngazi. Ikiwa giza mara zote mbili, mara nyingi hiyo ni kovu, msuli ulishakufa zamani.

Sasa kwa nini ilikuwa inachukua muda? Kamera ya kawaida inatokana na wazo la Hal Anger, mwanasayansi wa Berkeley, California, wa miaka ya 1950. Mbele ya kioo chake kuna sahani ya risasi yenye mashimo madogo sana, na mwale ambao haujanyooka na shimo unakufa kwa risasi. Inapita takriban moja kati ya kila elfu kumi. Soma tena hiyo namba. Umedungwa mionzi, inatoka mwilini, na kamera inatupa karibu yote ili picha isikuwe na ukungu. Ndio maana unalala dakika 15 au 20 mikono ikiwa juu ya kichwa kama mtu ameshikwa na polisi, halafu urudie baadaye. Mwambie mzee mwenye bega bovu akae hivyo bila kusonga. Akisonga, picha inaharibika, na picha iliyoharibika inaweza kuonyesha ugonjwa haupo.

Mashine mpya zimebadilisha vitu viwili. Kioo cha zamani kilikuwa kinageuza mwale kuwa mwanga kwanza, halafu mwanga ugeuzwe kuwa umeme. Mpya zinatumia mchanganyiko wa kadimiamu, zinki na teluriamu, ambao unageuza mwale moja kwa moja kuwa umeme. Na badala ya kuangalia kifua chote, vipokezi vyote vinaelekezwa kwa moyo peke yake. D-SPECT ina nguzo tisa zinazojizungusha zikitafuta moyo, na unaweza kukaa ukiwa umeegemea kama uko kwa kiti cha kinyozi. Matokeo ni miale mingi zaidi kwa dakika, mara kadhaa zaidi. Picha inatoka kwa dakika mbili hadi tano.

Hapo ndipo watu wa klipu wanaishia. Mimi naona hapo ndipo stori inaanza.

Kasi ya kamera ni kama pesa mfukoni. Unaweza kuitumia kwa vitu viwili. Unaweza kudunga dawa kiasi kile kile na umalize haraka, uite mgonjwa mwingine. Ama unaweza kudunga dawa kidogo na uchukue muda kidogo zaidi. Klipu zote zinauza ile ya kwanza kwa sababu "dakika mbili" inabamba. Ya pili haibambi lakini ndiyo inagusa mwili wako. Kuna vipimo vya zamani vya kuchanganya thaliamu na teknitiamu vilivyokuwa vinapita milisiveti 20. Kipimo cha kawaida cha teknitiamu, mara zote mbili, kiko karibu na 10. Kwa kamera mpya, ukifanya picha ya kukimbia peke yake, inaweza kushuka hadi kati ya 1 na 3. Na binadamu wa kawaida duniani anapata karibu 2.4 kwa mwaka kutoka kwa mawe, hewa na anga bila kufanya kitu. Kwa hivyo wale mnaoandika "nyuklia! wanataka kutuua!" kila mtu akitaja hii kitu, tulieni. Kuna Wakenya wanaishi karibu na kilima cha Mrima huko Kwale, chenye thoriamu ya asili ardhini, na hamjawahi kuwaandikia hata komenti moja. Watu wa Uyombo kukataa kinu cha umeme ni mjadala wao na wana haki nao. Usichukue hasira ya Uyombo ukaibandika kwa sindano ya hospitali.

Sasa ngoja, kitu ambacho kinanikasirisha zaidi. Nusu ya hiyo kasi haihitaji mashine mpya.

Ndio. Nimesema "picha ya kukimbia peke yake". Mpangilio wa zamani katika vituo vingi ni kuanza na picha ya kutulia halafu ya kukimbia. Ukigeuza, uanze na ya kukimbia, na ikitoka safi, huhitaji ile ya pili. Mtu anaenda nyumbani. Amepata mionzi kidogo, ametumia dawa kidogo, ameachia mwingine nafasi. Gharama ya kugeuza ni daktari kuangalia picha mgonjwa akiwa bado kwa benchi, badala ya kesho. Pia kuna programu za kompyuta zinazosafisha picha ya kamera ya zamani hadi unaweza kupunguza muda kwa nusu. Hivi vitu vimejulikana miaka na miaka. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilitoa utafiti wa maabara 308 katika nchi 65, wagonjwa 7,911. Lengo lilikuwa wagonjwa wa maabara wapate milisiveti 9 au chini kwa kawaida. Ni asilimia 30 tu ya maabara zilizofika. Dunia nzima, na matajiri wakiwemo. Kwa hivyo usiniambie ni umaskini peke yake. Mazoea pia yako hapo.

Yule wa "2080" anisikie vizuri: unasubiri mashine, na kuna kitu kingefanywa Jumatatu asubuhi kwa karatasi na kalamu.

Twende kwa miraa.

Teknitiamu inakufa. Kila saa 6 nusu yake imepotea. Huwezi kuiweka kwa stoo. Ndiyo maana hospitali hainunui teknitiamu yenyewe, inanunua jenereta, na si ile ya stima ikipotea, hii ni chupa ndogo ndani ya risasi nzito yenye molibdenamu-99, ambayo inazaa teknitiamu kila siku na mtaalamu anaikamua asubuhi kama ng'ombe. Molibdenamu nayo inakufa, polepole kidogo: kila saa 66, nusu imeenda.

Sasa chukulia jenereta imetua uwanja wa ndege Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Afisa ameenda nyumbani, karatasi moja haina muhuri, mfumo uko chini. Itoke Jumatatu saa sita mchana. Hesabu masaa. Ni 66 kamili. Nusu ya mali imeisha ikiwa imekaa kwa rafu. Hakuna mtu ameiba, hakuna mtu amekula hongo, hakuna kichwa cha habari. Wagonjwa nusu tu watarudi nyumbani na tarehe mpya.

Mtu ataniambia niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo sina haki ya kuongea fizikia. Sawa. Kugawanya kwa mbili nilifunzwa nikiwa darasa la tatu.

Na hii nchi, msiniambie haijui kusafirisha kitu kinachokufa. Miraa ikikatwa Meru inaanza kupoteza nguvu hapo hapo, na kila mtu kwa huo mlolongo anajua. Mkataji anajua. Mama wa kufunga na majani ya migomba anajua. Dereva wa Maua anajua, mpaka tunamwogopa barabarani. Ndege inangoja Nairobi. Mteja wa Mogadishu anatafuna siku ile ile. Hakuna aliyeandika sera, hakuna warsha Naivasha, watu wameelewa tu kwamba ikichelewa ni takataka. Maua nayo yanatoka Naivasha usiku na asubuhi yako sokoni Uholanzi yakiwa na umande. Tuna maafisa, magari, vyumba vya baridi na akili ya hiyo kazi. Kitu tunakosa ni mtu mmoja kuamua kwamba dawa ya moyo wa binadamu ina haraka kama kifurushi cha miraa.

Na si ati inatoka sayari nyingine. Moja kati ya vinu vikubwa vya kutengeneza molibdenamu duniani kiko Afrika. Kinaitwa SAFARI-1, kiko Pelindaba, Afrika Kusini, kimewaka tangu 1965. Johannesburg hadi Nairobi ni kama masaa manne angani. Kuna wasee wanakaa masaa manne kutoka mjini hadi Rongai mvua ikinyesha.

Hapa pia ndipo ile kamera ya haraka inakuwa na maana kwetu kuliko kwa matajiri, na hakuna klipu inasema. Vinu vinavyolisha dunia ni vichache na ni vizee. Cha Petten, Uholanzi, kimewaka tangu 1961. Kanada ilikuwa na kinu cha Chalk River. Kiliposimama Mei 2009 kwa sababu ya kuvuja na kukaa hadi Agosti 2010, hospitali za dunia nzima zilianza kugawana kama familia inagawana sufuria moja. Kimefungwa kabisa 2018. Oktoba 2024 Petten ikapata shida ya bomba na uhaba ukarudi. Wakati kama huo nani anakosa kwanza? Si Boston. Ni sisi wa mwisho wa laini. Sasa kamera ambayo inatosheka na robo ya dawa ni kamera ambayo kwa jenereta moja inaangalia watu wengi zaidi. Huko kwao ni starehe ya mgonjwa. Huku kwetu ni watu wangapi wanaonekana kabla chupa ikauke.

Nitawaambia kuhusu shangazi yangu, kwa kifupi, na hospitali sitaitaja.

Anauza mitumba. Alianza kusikia uzito kifuani na taya ikiuma akipanda ngazi na bandali. Akienda kliniki ya kwanza wakamwambia, "Mama, hii ni asidi, punguza chai." Dawa ya asidi. Akarudi. Dawa ya asidi ya rangi nyingine. Mara ya tatu wakampima umeme wa moyo akiwa amelala, ametulia, na ikatoka sawa, na wakamwambia ni mawazo. Lakini moyo wake haukuwa unauma akilala! Ulikuwa unauma na bandali mgongoni. Mwishowe daktari kijana akamwandikia hii picha ya nyuklia. Akapewa tarehe. Tarehe ikafika, akaambiwa dawa haijaingia. Akapewa nyingine. Ikafika, mashine iko kwa matengenezo. Familia ikachanga kwa WhatsApp, akaenda kwingine. Kutoka uzito wa kwanza hadi picha ilikuwa miezi saba. Picha yenyewe, kila mara alipolala pale, haikupita robo saa. Walikuta ukuta wa mbele wa moyo unakosa damu akisukumwa. Anameza dawa sasa, na amerudi sokoni, lakini bandali anabebewa. Nilipomuuliza kama kulala na mikono juu kulimchosha alinicheka. "Kijana wangu, pale ndipo nilipumzika. Kilichonichosha ni benchi."

Sasa nionyeshe mashine ya dakika mbili. Toa dakika 13 kwa miezi saba. Umeokoa nini?

Na kuna kitu kuhusu wanawake hapo ambacho lazima niseme. Picha ya kawaida ya nyuklia ni ya kulinganisha: sehemu hii ya moyo dhidi ya sehemu ile. Mishipa yote mikubwa ikiwa imeziba sawasawa, kila kitu kinafifia pamoja na picha inaweza kukaa safi. Ni kama ploti yote imekosa maji, ukilinganisha nyumba na nyumba hakuna aliyeonewa. Halafu kuna watu ambao mabomba makubwa ni safi lakini mishipa midogo kabisa, ile haionekani kwa CT, haifunguki vizuri. Wengi kati yao ni wanawake. Hao ndio wanaambiwa ni mawazo. Kuwapata unahitaji kupima damu yenyewe kwa namba, mililita ngapi kwa dakika kwa kila gramu ya msuli. Moyo wenye afya uko karibu na 1 ukitulia na unapanda mara tatu au zaidi ukisukumwa. Usipofika hata mara mbili, kuna kitu. Kamera za PET zinafanya hivyo, na kwa rubidiamu-82 kipimo chote, kutulia na kusukumwa, kinaisha ndani ya kama nusu saa. Rubidiamu inakufa nusu kila sekunde 75 hivi, inabidi itoke kwa jenereta yake ikiwa kando ya kitanda. Kamera mpya za kadimiamu pia zimeanza kupima hivyo, kwa sababu ziko haraka kiasi cha kufuata dawa ikiingia moyoni. Hiyo ndiyo faida ya kasi ambayo ningeweka kwa klipu. Kuona kitu ambacho kamera ya polepole haiwezi kukiona hata ukiipa siku nzima.

Na usiseme Kenya hakuna PET. Iko, kwa ajili ya saratani. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko nayo, pamoja na saikilotroni ya kutengeneza florini-18 hapo hapo. Saikilotroni za hospitali za aina hiyo kwa kawaida zinaweza pia kutengeneza amonia yenye naitrojeni-13, ambayo ni dawa ya kupima damu ya moyo. Inakufa nusu kwa dakika 10, kwa hivyo ni ya jengo lenye mashine peke yake. Na Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa nyingine ya moyo, flurpiridazi, ambayo inabebwa na florini-18, nusu inapotea kwa dakika 110. Hiyo inaweza kuvuka mji. Ukipata dereva wa Maua, inaweza kuvuka mji mara mbili. Sisemi ni rahisi, kuna vibali, kuna bei, kuna mafunzo. Nasema mlango uko nusu wazi na tunapiga picha ukuta.

Wanasiasa wetu wanapenda sana ukuta. Mwaka 2015 serikali ilikodisha vifaa vya hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Utepe ulikatwa nchi nzima. Seneti ilipochunguza na kutoa ripoti 2020, vingine vilikuwa vimekaa bila kutumika, pahali pengine hakuna mtaalamu, pahali pengine hakuna stima wala maji ya kutosha. Mabilioni. Mashine inapigwa picha vizuri kuliko mtu wa kuiendesha, ndio shida. Hakuna mheshimiwa anakata utepe wa fizisia wa hospitali. Hakuna anayekata utepe wa karatasi ya forodha iliyotiwa muhuri mapema.

Najua swali ambalo watu wenye akili watauliza, na ni zuri: hiyo pesa yote ya isotopu, si afadhali tununue vipima presha? Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata siku moja. Presha kwanza, nakubali kabisa. Na ukiwa hapo unasoma hii, kituo cha afya karibu nawe kinaweza kukupima kwa dakika, nenda. Lakini hiyo hoja inatumika vibaya. Inatumiwa kuambia maskini wachague kati ya kinga na matibabu, na mwenye kuwaambia akiumwa kifua anapanda ndege. Magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu kama milioni 17.9 duniani mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya hivyo vifo ni nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani sisi ndio wagonjwa, na mashine ziko kwa wengine.

Swali la pili ni gumu zaidi. Kuna utafiti mkubwa unaitwa ISCHEMIA, ulitoka 2020, wagonjwa 5,179 ambao vipimo vilionyesha moyo unakosa damu kiasi kikubwa lakini hali yao imetulia. Nusu wakapelekwa haraka kwa mrija, stenti au upasuaji, nusu wakaanza na dawa tu. Baada ya miaka kadhaa, kukimbilia mrija hakukupunguza vifo kwa jumla. Wengine wanasoma hivyo na kusema basi picha haina kazi. Mimi nasoma kinyume. Kwa nchi ambayo vyumba vya mrija ni vichache na bili inauza shamba, kujua nani anaweza kutibiwa kwa vidonge bila hofu ni habari ya dhahabu. Shangazi yangu yuko kwa vidonge. Angeuza nini kupata stenti ambayo pengine haimwongezei siku? Na picha ikitoka safi, mtu anaenda nyumbani bila kufunguliwa mshipa. Hiyo pia ni tiba.

Na nyinyi wa miaka 20 mnasema hii ni ya wazee. Nani analipa? Nani anachanga kwa WhatsApp? Nani anaacha kazi ya bodaboda siku nzima kumpeleka mathee kliniki aambiwe dawa haijaingia? Ni wewe. Foleni ya hiyo mashine imejaa vijana waliokaa kando ya wazazi wao, na wote wako kwa simu, wanaangalia klipu ya dakika mbili.

Kwa hivyo wakati mwingine mkialikwa kwa uzinduzi, na najua watengenezaji wa maudhui tunaalikwa siku hizi, tunapewa fulana na soda, msiulize mashine ni ya bei gani wala inaskani kwa dakika ngapi. Muulize aliyeshika mkasi vitu vitatu, na simu iwe inarekodi. Jenereta inatua siku gani na saa ngapi? Jina la mtu anayeipokea ikitua Ijumaa usiku ni nani? Na mgonjwa aliyeandikiwa leo, tarehe yake ni ya lini?